Mnara Uliomsubiri Marehemu

Antena ya nne ilipoteleza kutoka paani na kutua ndani ya sufuria ya uji, Otilia Mbano aliacha kusali akaanza kumtazama mumewe. Deodatus alikuwa amesimama juu ya karavani yao kwa soksi, mkono mmoja una waya, mwingine una mfuniko wa sufuria alioulekeza upande wa Makambako. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, na imani yake ilikuwa kwamba mtandao ni kama mpaka wa shamba: lazima upo mahali fulani, kazi ni kujua pa kusimama.

"Bado kidogo tu," alisema.

Maneno hayo Otilia alikuwa akiyasikia tangu juzi.

Hakuna aliyewalazimisha kuishi barabarani. Walipostaafu waligawa samani zao kwa ndugu, wakanunua kijumba cha magurudumu kinachovutwa na trekta la umeme, wakaanza kuzunguka nyanda za juu wakilala watakapo. Kasoro ilikuwa moja tu. Makampuni makubwa yalishang'oa minara yao vijijini zamani, yakidai watu wa huko hawaongei vya kutosha, jambo ambalo yeyote aliyewahi kukaa foleni ya maji anajua ni uzushi mtupu. Tangu hapo kila kijiji kilijisimamishia mnara wake chenyewe, na mnara wa kijiji haumjui mpita njia. Unaweza kulala chini yake, ukauegemea, ukafua soksi zako kwenye nyaya zake, na usipate hata salamu.

Siku nyingine Otilia asingejali. Lakini leo saa sita mchana, kule Songea, wazee wa ukoo wa Haule wangeketi sebuleni kwa dada yake kumposa binti yake, Gaudensia. Neno la kukubali lilipaswa kutoka kinywani mwa mama, moja kwa moja, wazee wakisikia. Baba wa binti alishafariki. Deodatus ni baba wa kambo, na wazee wa Haule walisema wanamheshimu sana lakini neno lake halitoshi.

Kikao hicho kilikuwa kimevunjika mara mbili. Mara ya kwanza picha ya Otilia iliganda akiwa amekunja pua kwa ajili ya chafya, wakwe wakakaa na uso ule mbele yao mpaka chai ikapoa. Mara ya pili alieleza kwa hisia kwamba hawezi kumtoa mwanawe kwa watu asiowapenda, na kwamba wao anawapenda. Mtandao ukabeba nusu ya kwanza. Baada ya hapo Mzee Bonaventura, mjomba wa kijana, alituma ujumbe wa upole wa kutisha: wangekaa mara moja tu tena, na mama asipojibu, wangejua amejibu.

Otilia alikuwa amepania kufika Songea mwenyewe. Ila ukungu ulikuwa umetanda Uhehe nzima, paneli za jua zimelala, na trekta lilikuwa likitembea kwa huruma. Lilikuwa na nguvu ya kufika kijiji kimoja tu.

"Shuka," alimwambia mumewe. "Tunakwenda kwa Filimoni."

Deodatus aliushusha mfuniko taratibu, kwa uchungu wa mtu aliyetaka kuupata mtandao kwa akili zake mwenyewe walau mara moja maishani. Kwenda kwa Filimoni Kihwele ilikuwa ni kwenda kutukanwa. Filimoni alikuwa Mhehe wa kijiji cha Ihangilo, mwenye mnara, na Otilia ni Mngoni, kwa hiyo walikuwa watani kabla hawajaonana. Kila mwaka walipopita, mzee yule alimsimamisha Otilia getini apige hodi mpaka akauke koo, kisha amweleze vizuri ni kwa nini babu zake walitoka huko kusini wakasahau njia ya kurudi. Otilia naye humjibu kwamba waliikumbuka, ila waliwaonea huruma Wahehe, wasingepata mtu wa kuwakimbiza. Wakishachoka, Filimoni huugeukia mnara na kusema, "Hapana, mfungulie Otilia Mbano." Kila alipofungua mdomo alianza na hapana, hata alipokuwa anakubali. Ukimuuliza kama ameshiba, husema hapana, nimeshiba sana.

*

Walipofika Ihangilo waliona maturubali yametandwa uani kwa Filimoni, wanaume wameketi upande mmoja wamevaa makoti, wanawake wanasonga ugali kwenye masufuria makubwa. Hakukuwa na haja ya kuuliza. Otilia aliketi kwenye ngazi ya karavani akalia, kwa sababu kati ya watu wote aliowahi kugombana nao, Filimoni ndiye ambaye Otilia alimkumbuka zaidi kila alipokuwa mbali.

Lameki, mdogo wa marehemu, alikuja kuwapokea. Walisalimiana kwa Kihehe, kamwene, wakapeana pole. Alisema kaka yake alifariki juzi baada ya chakula cha usiku, kwenye kiti chake, akibishana na redio. Mazishi yangekuwa alasiri. Watoto wa marehemu walioko mbali hawajui hata leo, kwa sababu mnara umefungwa.

"Umefungwa vipi?" aliuliza Deodatus, na jicho lake likaenda kwenye saa.

Lameki aliwapeleka getini. Mnara ulisimama pale karibu na ua, mrefu, mwembamba, na kwenye kimo cha mdomo wa mtu ulikuwa na tundu la kusikilizia lililong'aa kwa kuzungumziwa miaka mingi. Minara ya vijiji ilifundishwa kumtii mtu mmoja kwa sauti. Namba za siri ziliibwa, simu ziliibwa, vidole navyo vilinakiliwa, lakini koo la mtu haliibiki. Kila asubuhi mwenye mnara huusalimu, nao ukimsikia hufungua kijiji kizima mpaka jua lizame. Asiposalimu, hunyamaza.

Lameki alijikohoza akaueleza mnara, kwa sauti ya mtu ambaye ameshaeleza mara nyingi mno, kwamba mwenye mnara amefariki.

"Asante kwa taarifa," ulijibu mnara, kwa sauti ya kike yenye adabu. "Taarifa ya kifo cha mwenye mnara hupokelewa kutoka kwa mwenye mnara mwenyewe."

Lameki alimtazama Otilia kama anayesema, umesikia? Alieleza kwamba kanuni hiyo iliwekwa makusudi, kwa sababu huko nyuma wajanja walikuwa wakiwatangazia watu vifo ili wawapore minara. Fundi wa kuifuta anatoka mbali, na huja mara moja tu kwa msimu. Walijaribu kuuchezea mnara sauti ya Filimoni iliyorekodiwa kwenye harusi. Ukajibu kwamba sauti hiyo haina mate. Mnara husikiliza mengi kuliko maneno: pumzi inavyopita kwenye meno, koo linavyomeza, kifua kinavyopanda. Sauti ya mashine ni kavu, na mnara hauna kazi na sauti kavu.

"Na kumwiga?" aliuliza Deodatus.

Lameki alishtuka. Alisema ndugu hamwigi marehemu wake, hiyo ni kazi ya mtani. Kisha akamtazama Otilia tena, na safari hii alimtazama kwa muda mrefu.

*

Otilia hakumwelewa, au alijifanya hakumwelewa, kwa sababu akina mama walikuwa wameshamfikia na koti la marehemu. Mtani akifika msibani hakai akajikunyata na kilemba. Huvaa nguo za marehemu, hutembea mwendo wake, husema maneno yake, huwachokoza wafiwa mpaka wacheke katikati ya kilio. Asipofanya hivyo anakuwa amewatupa. Otilia alikuwa amefanya kazi hiyo kwenye misiba mingi na watu walisema ana kipaji, lakini leo alitaka kulia tu. Alivaa koti. Lilinuka tumbaku na pombe ya ulanzi. Akavaa kofia, akashika fimbo, akainamisha bega la kushoto, akaanza kutembea kati ya maturubali.

"Hapana, nawaona mmejaa," alisema. "Hapana, nilipokuwa hai mlikuwa mnapita mbali ili nisiwaombe msaada wa kuchimba viazi. Leo kuna ugali, mmeikumbuka njia."

Kikohozi kikafuata, kile cha Filimoni kinachoanza chini na kumalizikia puani. Mwanamke mmoja aliangua kicheko akaficha uso kwenye kanga. Otilia alimwendea mzee wa kanisa akamdai koleo alilokopa kabla ya mvua mbili zilizopita. Alimwambia Lameki kwamba hapana, koti lake ni zuri sana, hata yeye, Filimoni, aliliona hivyo siku alipolinunua, kabla halijapotea. Watu walicheka mpaka wakashikana. Hata Deodatus, aliyekuwa getini na saa yake akimlilia kila apitaye habari ya posa ya binti yao, alijifuta macho. Otilia akawa amefika getini, akageuka kwa mbwembwe, akapiga fimbo chini.

"Hapana, mbona hamnisalimu?"

"Habari ya asubuhi, Mzee Filimoni," ulisema mnara. "Leo umechelewa kuamka."

Na simu zote za Ihangilo, zilizokuwa zimelala mifukoni na kwenye mikoba tangu jana, zikaanza kulia kwa pamoja.

Kwa muda watu hawakufanya lolote. Kisha kila mmoja akafanya kila kitu. Muuguzi wa zahanati alikimbilia pembeni na simu yake akiagiza dawa kwa kelele. Binti mmoja wa marehemu aliwapigia kaka zake walioko mbali akawa analia nao. Vijana waliuliza matokeo ya mpira kwa aibu kidogo. Otilia alibaki mbele ya tundu la mnara, fimbo mkononi, mdomo wazi.

"Kuna mgeni wa kumfungulia leo, Mzee Filimoni?" uliuliza mnara.

Deodatus alimwonyesha saa. Zilibaki dakika chache kufika saa sita. Simu ya mgeni hairuhusiwi mpaka itajwe, na sentensi yenyewe Otilia alikuwa ameisikia miaka yote. Hapana, mfungulie Otilia Mbano. Ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Lakini ulimi ulikataa, na Otilia alishangaa, kwani si kawaida yake.

Alipokuwa akimwiga Filimoni kati ya maturubali, kila mtu alijua yeye ni nani. Ndiyo maana walicheka, na kwa kuwa walicheka, hakuwa amemdanganya mtu. Mnara haukucheka. Katika ua ule wote ni wenyewe tu ambao haukujua kwamba Filimoni yuko chumba cha mbele ndani ya jeneza. Ulikuwa umefurahi kumwona, kama chombo kinaweza kufurahi, na yeye alikuwa anautazama usoni na kofia ya mtu mwingine kichwani.

"Nitajibu baadaye," alisema kwa sauti ya Filimoni.

Mnara ulisita. "Rudia tafadhali."

"Hapana, nitajibu baadaye."

"Sawa, Mzee."

*

Lameki alimvuta kando. Alikuwa na jasho la mtu aliyepata wazo kubwa. Alisema wameshauriana pale pale, yeye na mwenyekiti wa kijiji, na wameona hakuna haja ya haraka. Karavani ingewekwa chini ya mikaratusi, penye kivuli. Chakula kingeletwa. Otilia angeamka tu kila asubuhi, avae koti ikibidi, ausalimu mnara, kisha siku nzima ni yake.

"Mpaka lini?" aliuliza Otilia.

"Basi mtani, mambo ya mpaka lini tena," alisema Lameki. "Filimoni aendelee tu. Kuna ubaya gani?"

Watu walikuwa wamewazunguka, wakaafiki. Muuguzi alisema wagonjwa wanamhitaji Mzee. Mwalimu alisema watoto wana mitihani. Mtu mmoja alipendekeza kwamba hata tangazo la kifo lenyewe lingeweza kungoja. Yalikuwa maneno ya maana karibu yote, na Otilia alikuwa na sababu kuliko wao wote. Deodatus alikuwa ameishika saa kifuani. Otilia alimwona Gaudensia kwenye kiti cha sebuleni kule Songea, kilemba kipya, mikono imebana magoti, akiusikiliza mlango. Akajiambia kwamba sentensi moja haimuui mtu ambaye ameshakufa.

Ndipo Mama Yudita, mjane, alipotoka ndani. Alikuwa hajatoka tangu asubuhi. Aliegemea nguzo ya baraza, na watu wakampisha aseme.

"Nimesikia sauti yake nikajua ameitwa tena," alisema. "Miaka yote mlikuwa mnamgongea dirisha. Mpira ukikatika, Filimoni. Mtoto hajapiga simu, Filimoni. Alikuwa anaacha chakula kinapoa. Sasa amelala, na bado mnamwamsha. Huyo mtu atapumzika lini?"

Lameki aliangalia koti lake.

Otilia aliona aibu, si ile ya kuigiza. Aliiweka kofia sawa na kurudi mbele ya mnara. Hata kusema kweli sasa kulihitaji koo la Filimoni, kwa sababu mnara haukukubali kweli kutoka kwa mwingine, na lilimkereketa jambo hilo. Lakini kati ya kumtumia marehemu ili asife na kumtumia ili afe, alijua lipi angeweza kumweleza Filimoni mwenyewe usoni.

"Hapana," alisema. "Nina taarifa. Filimoni Kihwele amekufa."

"Mzee Filimoni," ulisema mnara, "unathibitisha kwamba umekufa?"

"Hapana, nimekufa."

"Tangu lini?"

"Hapana, tangu juzi, nilipomaliza kula."

Mahali fulani nyuma mtu alicheka, akanyamazishwa, akacheka tena.

"Pole sana, Mzee. Tumefanya kazi vizuri." Mnara ukaeleza kwamba sasa utafungwa mpaka matanga yaishe. Baada ya hapo kijiji kikutane hadharani, kichague mtu, mnara ujifunze sauti yake. Simu zilianza kunyamaza uani, moja baada ya nyingine. "Mwenye mnara anayeondoka ana haki ya maneno ya mwisho," ulimalizia. "Yatafika popote atakapo, kwa sauti peke yake, kisha nitafunga."

Wote walimgeukia Mama Yudita. Maneno yale yalikuwa yake, hakuna aliyebisha. Otilia alivuta pumzi ili ayapokee na kuyasema vizuri.

"Mtani hajapewa chake," alisema Mama Yudita.

Ni kweli, mtani hamwachi marehemu aende mpaka apewe kitu. Lameki alijitolea kuku haraka, jogoo mzuri.

"Kuku atamfaa nini? Mumewe amelia getini hapo kuhusu binti yao mpaka nimesikia chumbani." Mama Yudita alimtazama Otilia. "Filimoni aliniambia maneno yake yote, kila siku, na mengine nilishayasikia mara nyingi. Nimeshiba. Hayo yaliyobaki chukua wewe."

*

Otilia, kwa koo la Filimoni, aliutajia mnara jina la dada yake wa Songea. Ilisikika sauti ya vikombe, kisha mtu akisema zamu ya mama imefika, kisha wazee wakijikohoza ili wasikilize. Otilia alijua kosa la kusahau neno la kwanza lingemfungia mlango, na alijua pia jinsi neno hilo lingesikika kwa watu waliokuja kuposa. Hakukuwa na njia nyingine.

"Hapana," alisema kwa sauti ya mzee wa Kihehe mwenye kikohozi. "Hapana, mimi ni Otilia Mbano, mama yake Gaudensia. Nimekubali. Nimekubali kwa moyo wote."

"Mzee Filimoni," uliingilia mnara, na Songea nzima ikasikia, "kumbukumbu zinaonyesha wewe si mama wa mtu. Lakini maneno ya mwisho hayahojiwi. Yamepokelewa."

Songea palizuka minong'ono. Viti viliburuzwa. Ilisikika sauti ya Mzee Bonaventura ikiuliza huyo mwanamume ni nani, na mbona ameanza kwa kukataa, na kama hii familia inawafanyia mzaha kwa mara ya tatu basi wao wanaaga. Otilia alifumbata fimbo kwa mikono miwili. Haki ya maneno ilikuwa imekwisha. Angefungua mdomo sasa kwa sauti yake, mnara usingeipeleka popote.

"Wazee wangu, naomba mkae," alisema Gaudensia. Sauti yake ilikuwa tulivu. "Huyo ni mama."

"Mama yako ana kikohozi cha tumbaku?"

"Anamwiga mtu. Ni mama, namjua hata akijifunika. Na amekubali, mmesikia."

Viti viliburuzwa tena. Kisha Mzee Bonaventura akasema, akivuta maneno, kwamba kama binti amemtambua mama yake, wao ni nani wa kubisha. Wamesikia. Mtu alipiga kigelegele, mwingine akadakia, na Deodatus pale getini akaikumbatia nguzo ya mnara kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu.

Gaudensia hakupiga kigelegele. Alisogea karibu na simu, pumzi yake ikasikika.

"Mama," alisema. "Wewe huwaigi hivyo watu walio hai. Pole. Nani amefariki?"

Mnara ulifunga kabla hajajibiwa.